Gharama ya Kuigeuza Meli Kongwe Kuwa Hoteli

Meli ya abiria ikizeeka, mwenye mali hubakiwa na njia tatu. Anaweza kuiuza kwa wakata chuma wa Alang nchini India, Chattogram nchini Bangladesh au Aliağa nchini Uturuki, ambao hununua kwa tani ya uzito wa meli tupu na hawaulizi kama ndani yake alilala mfalme au kuli. Anaweza kuikarabati iendelee na safari. Au anaweza kuifunga gatini isiondoke tena, akang'oa mitambo, akaweka meza ya mapokezi mlangoni na kuiita hoteli. Njia hii ya tatu ndiyo inayopendwa na magazeti, na ndiyo iliyowala fedha walioijaribu kuliko walivyotarajia, karibu wote.

Mvuto wake si wa kijinga. Meli kubwa ya abiria ina vyumba vya kulala mamia kwa mamia, jiko la kulisha watu elfu moja, kumbi za kulia, dobi, kinyozi, sinema na mara nyingine bwawa la kuogelea, vyote vimeshajengwa na kupambwa na mafundi ambao leo hawapatikani. Bei ya kuinunua huwa ndogo kwa sababu mshindani pekee ni mkata chuma. Mtu akigawanya bei hiyo kwa idadi ya vyumba, kila chumba huonekana kimepatikana kwa bei ya godoro.

Hesabu hiyo husahau kwamba vyumba vya meli haviishi peke yake. Meli ikiwa safarini, chumba cha mitambo ndicho kinachozalisha umeme, mvuke wa kupasha moto, maji baridi yaliyochujwa chumvi na hewa inayosukumwa hadi kwenye kabini za chini ambazo hazina dirisha. Siku mitambo inapozimwa kwa mara ya mwisho, jengo lote hukata roho. Kila bomba la maji safi, la maji taka, kila waya wa umeme na kila njia ya hewa lazima itafutiwe chanzo kipya kutoka nchi kavu, na njia hizo hupita ndani ya kuta za chuma zilizochorwa na wahandisi ambao hawakufikiria kwamba iko siku mtu atataka kuzitoboa.

Baada ya mabomba huja sheria. Melini, usalama hufuata mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao toleo lake la kwanza lilitiwa saini mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic. Nchi kavu, msimamizi ni zimamoto wa mji na mkaguzi wa majengo. Hawa wanataka korido pana, ngazi zenye mwinuko wa kawaida, milango ambayo kiti cha magurudumu kinapita na vinyunyizio vya maji kila dari. Meli ya zamani haina hata kimoja cha hivyo. Sitaha zake zimepinda kidogo kuelekea omo na tezi, milango ina vizingiti virefu vya kuzuia maji, na korido zake zinatosha watu wawili wanaopishana wakigeuza mabega. Kuibadilisha ifuate sheria ya jengo ni kuivunja nusu na kuijenga upya kwa ndani, huku uzuri wa zamani uliofanya inunuliwe ukitakiwa ubaki palepale.

Mfano unaotajwa zaidi ni Queen Mary, iliyojengwa na John Brown huko Clydebank, Uskoti, na kuanza safari Mei 1936. Ina urefu wa zaidi ya mita 310. Mwaka 1967 kampuni ya Cunard iliitangaza kuuzwa, na mji wa Long Beach katika jimbo la California ukaipata kwa dola milioni 3.45. Ilifika huko tarehe 9 Desemba 1967. Fedha za mji zilitokana na mafuta ya petroli yanayochimbwa chini ya bandari yake, na sheria ilitaka zitumike kwa mambo ya bahari. Makumbusho ya meli yaliingia vizuri ndani ya kifungu hicho. Hoteli na maduka vilikuwa na mashaka, kwa hiyo mji ukawatafuta wapangaji wa kuendesha sehemu ya biashara.

Makadirio ya kwanza ya matengenezo hayakufika dola milioni 10. Kazi ilipoanza, boila zote zikang'olewa, chumba cha injini cha mbele kikaondolewa pamoja na mitambo ya umeme na ya kuchuja maji, na sitaha za chini zikabaki pango tupu lililosubiri makumbusho. Dohani zake tatu zilishushwa ili boila zipate pa kupitia. Hapo ndipo mafundi walipogundua kuwa kilichokuwa kimesimama miaka yote hiyo kwa sehemu kubwa kilikuwa rangi: tabaka kwa tabaka zilizopakwa tangu miaka ya 1930, zikishikilia chuma kilichokwisha kuliwa na joto na kutu. Ikabidi zitengenezwe dohani mpya za alumini zinazofanana na zile. Ukarabati wa namna hii umejaa mambo kama hayo, na hakuna mkaguzi anayeweza kuyaona kabla kitu hakijafunguliwa.

Ukazuka pia ugomvi ambao hakuna aliyekuwa ameuwekea bajeti. Vyama vya wafanyakazi wa bahari vilidai kazi ya melini ni yao. Vyama vya mafundi wa nchi kavu vikadai hii si meli tena. Walinzi wa pwani wa Marekani waliamua: kwa kuwa mitambo imeng'olewa na rafadha zake nyingi zimeondolewa, Queen Mary ni jengo. Uamuzi huo ulimaliza ugomvi wa ajira na kufungua mlango wa sheria zote za majengo.

Watalii wa kwanza walipanda Mei 1971, na vyumba vya hoteli vikafunguliwa Novemba 1972, miaka mitano baada ya meli kufika. Kufikia wakati huo gharama zilikuwa zimepita dola milioni 60. Kilichofuata kinafundisha zaidi ya ujenzi wenyewe. Waendeshaji walipokezana. Kampuni ya Disney iliirithi mwaka 1988 na kuiachia mwaka 1992, hoteli ikafungwa kwa muda. Mpangaji mwingine aliyepewa mkataba wa miaka 66 mwaka 2016 aliingia kwenye ufilisi mwaka 2021, na mji ukairudisha meli mikononi mwake. Kabla ya hapo, uchunguzi wa wahandisi wa meli uliotolewa hadharani mwaka 2017 ulikuwa umesema kwamba kazi za kuiokoa zingegharimu kati ya dola milioni 235 na 289. Kwa maneno mengine, nusu karne baadaye meli ilihitaji mara nne ya fedha iliyoifanya hoteli.

Sababu kubwa ni kwamba hoteli inayoelea haina pa kwenda kutibiwa. Meli inayosafiri hupanda chelezoni kila baada ya miaka michache: gamba la chini hukwanguliwa, bati zilizoliwa hukatwa na kuchomelewa mpya, rangi hupakwa. Queen Mary haijapanda chelezo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Imezungushiwa ukuta wa mawe ndani ya bwawa lake, na kuitoa ni mradi mwingine. Maji huingia taratibu, ngama hupampiwa, kutu huendelea kutoka pande mbili za bati, na mhasibu wa hoteli anaona tu bili ya umeme wa pampu.

Mwenzake hakubahatika hata kufika huko. Queen Elizabeth ya kwanza iliuzwa mwaka 1968 ili iwe hoteli na kivutio huko Port Everglades, Florida. Wanunuzi waliishiwa fedha kabla ya kazi kubwa kuanza, meli ikauzwa tena mwaka 1970 kwa C. Y. Tung wa Hong Kong aliyetaka kuifanya chuo kinachosafiri, na Januari 1972 ikaungua na kulala ubavu bandarini.

Kama Queen Mary ni somo la kutu, SS Rotterdam ya Uholanzi ni somo la asbestosi. Meli zote kubwa za wakati wake zilifungwa asbestosi kwenye boila, mabomba na kuta za kuzuia moto, kwa kuwa ilikuwa rahisi na haiungui. Madhara yake kwa mapafu yalipojulikana, kuiondoa kukawa kazi ya wataalamu waliovaa vinyago, chumba kimoja kimoja, huku vumbi likifungiwa na taka zikipelekwa dampo maalumu. Rotterdam ilianza kazi mwaka 1959 na kustaafu mwaka 2000. Shirika la nyumba za kupangisha la Woonbron, ambalo kazi yake ya msingi ni kuwapa wenye kipato kidogo mahali pa kuishi, liliingia katika mradi wa kuirudisha mji wa nyumbani. Makadirio yalianza kwa euro milioni chache. Meli ikahangaishwa kutoka karakana hadi karakana. Gdańsk nchini Poland ilileta utata kwa sababu ya asbestosi, ikahamishiwa Wilhelmshaven nchini Ujerumani. Ilifika Rotterdam Agosti 2008 na kufunguliwa Februari 2010. Hesabu ya mwisho ilipita euro milioni 200. Miaka michache baadaye iliuzwa kwa kampuni ya hoteli kwa chini ya euro milioni 30, na bunge la Uholanzi, lilipochunguza mwenendo wa mashirika ya nyumba mwaka 2014, likaifanya meli hii moja ya mifano yake.

Hata hivyo Rotterdam leo ni hoteli inayofanya kazi. Jambo hilo si la kupuuzwa: mwenye kuinunua mara ya pili, kwa bei ambayo hasara imeshabebwa na mwingine, anaweza kupata faida. Ni mnunuzi wa kwanza anayeumia.

Karibu zaidi na Afrika Mashariki iko Queen Elizabeth 2, iliyofungwa Port Rashid, Dubai, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo na Kampala huufahamu kuliko miji mingi ya nchi zao. Iliuzwa mwaka 2007 kwa dola milioni 100 kwa Istithmar, kampuni ya uwekezaji ya Dubai World, ikakabidhiwa mwishoni mwa Novemba 2008. Mpango ulikuwa iwe hoteli ya kifahari kando ya kisiwa bandia cha Palm Jumeirah. Miezi ileile masoko ya fedha ya dunia yalikuwa yakiporomoka, na mwaka mmoja baadaye Dubai World yenyewe iliomba kuahirisha kulipa madeni. Meli ikakaa. Likazuka wazo la kuipeleka Cape Town iwe hoteli wakati wa Kombe la Dunia la 2010; likafa. Milango ilifunguliwa tarehe 18 Aprili 2018, takriban miaka kumi baada ya kufika, ikiwa na vyumba 224. Katika miaka yote hiyo mtaji wa dola milioni 100 haukulaza mgeni hata mmoja, na meli iliyofungwa katika joto la Ghuba haiwezi kuachwa bila walinzi, mafundi na mtambo wa kupoza hewa, maana mbao na mazulia huvunda haraka. Gharama ya kusubiri haionekani kwenye zabuni yoyote, nayo mara nyingi ndiyo inayomaliza mradi.

Ada ya gati ni sehemu ya kusubiri huko. SS United States, iliyostaafu mwaka 1969, ilitafutiwa mwekezaji wa hoteli kwa miongo kadhaa ikiwa imefungwa Philadelphia. Mwaka 2021 mwenye gati alipandisha kodi kutoka dola 850 kwa siku hadi 1,700. Kesi ikafika mahakamani, meli ikaamriwa iondoke, na mwaka 2025 ikavutwa kwenda Mobile, Alabama, kusafishwa ili izamishwe kusini mwa Marekani kama makazi ya samaki.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na hoteli ya namna hii, ingawa meli za kufaa zilipita kwa miaka. Kenya na Uganda, pacha wawili wa kampuni ya British India walioanza kazi mwaka 1951 na 1952 kati ya London, Mombasa, Dar es Salaam na Beira, waliishia kwa wakata chuma: Kenya mwaka 1969, Uganda mwaka 1986 baada ya kutumika kama meli ya wanafunzi na kisha hospitali katika vita vya Falkland. Kampala, ya njia ya Bombay, ilikatwa mwaka 1971. Principe Perfeito, ya Ureno, iliyohudumia Msumbiji, iliepuka shoka kwa muda: mwaka 1976 ikawa bweni la wafanyakazi Dammam, Saudi Arabia, kwa jina la Al Hasa. Bweni si hoteli, lakini uchumi wake ni bora. Mwajiri hulipia vitanda vyote kila siku, havitafutiwi wageni, na mkataba ukiisha meli huondoka kwa injini zake.

Meli moja yenye historia ya Dar es Salaam iliishia kuwa hoteli kamili. Ancerville ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, mwaka 1962 kwa njia ya Marseille hadi Dakar. China iliinunua mwaka 1973, ikaiita Minghua, na kuitumia kuwavusha wataalamu na wafanyakazi wake waliokuwa wakijenga Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kazi hiyo ilipokwisha ikafanya utalii kidogo, na mwaka 1983 ikafungwa Shekou, katika eneo jipya la viwanda la Shenzhen. Januari 1984 Deng Xiaoping aliizuru na kuandika kwa mkono jina ambalo hadi leo ni la mtaa mzima: Dunia ya Bahari.

Kilichoiokoa Minghua hakikuwa biashara ya vyumba. Shekou ilikuwa inajengwa kutoka sifuri, wageni wa kigeni walikuwa wanamiminika na hoteli hazikuwepo; meli ilitoa vitanda wakati saruji ya majengo mengine haijakauka. Baadaye bahari ilijazwa udongo hadi meli ikabaki ndani ya nchi kavu, ikizungukwa na dimbwi la kutengenezwa, na ardhi iliyoizunguka ikapanda thamani kuliko meli ingeweza kuingiza kwa kulaza watu. Kwa hiyo tatizo la chelezo liliondoka pamoja na mawimbi, na gharama ya matunzo ikabebwa na wapangaji wa maduka na ghorofa za jirani.

Ukiyapeleka mambo haya mkoani Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hesabu hubadilika kabisa. Kimuli, kwa mfano, iko katika vilima vya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mbali na maji makubwa ya aina yoyote isipokuwa Mto Kagera unaopita mpakani. Lakini kahawa na maharage ya ukanda huu, na watu wake waliokwenda kusoma, kutibiwa au kutafuta kazi Mwanza, kwa miongo mingi vilitegemea meli ya Ziwa Victoria iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo. Barabara ya kuzungukia Biharamulo ilikuwa ya vumbi na ndefu. Kwa mkazi wa Kimuli, meli haikuwa anasa ya kutazamwa, ilikuwa daraja.

Meli hiyo ni MV Victoria. Iliundwa na Yarrow kule Glasgow, ikafunguliwa vipande, ikapita Mombasa na kupanda reli hadi Kisumu, ambako iliunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Ilizunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ikabaki Tanzania. Baada ya MV Bukoba kuzama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 na kuua zaidi ya watu 800, Victoria ndiyo iliyobaki tegemeo la njia hiyo. Mwaka 2014 nayo ikasimamishwa, injini zimechoka.

Kilichokuwa kimelala gatini Mwanza kati ya mwaka 2014 na 2018 kilikuwa, kwa kila kipimo, meli ya kufaa kuwa hoteli: umri wa zaidi ya miaka 50, jina linalojulikana na kila familia ya Kanda ya Ziwa, kabini za daraja la kwanza zilizojengwa kwa ajili ya maafisa wa kikoloni, na mji wenye watalii wanaopita kwenda Serengeti. Serikali ikachagua njia nyingine. Septemba 2018 ilitia saini mikataba minne kwa pamoja: ujenzi wa meli mpya ya MV Mwanza, ujenzi wa chelezo Mwanza kwa shilingi bilioni 36.4, ukarabati wa Victoria kwa shilingi bilioni 22.7, na wa MV Butiama kwa shilingi bilioni 4.9. Victoria ilirudi kazini Agosti 2020 ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Shilingi bilioni 22.7 ni fedha nyingi kwa chombo cha mwaka 1961, na waliouliza kwa nini isijengwe mpya hawakukosa hoja. Jibu liko kwenye jiografia. Ziwa Victoria halina mlango wa bahari. Kila meli kubwa iliyoelea humo imekuja kwa vipande na kuunganishwa ufukweni, na mkataba wa MV Mwanza, yenye uwezo uleule wa abiria 1,200 ingawa ina nafasi kubwa zaidi ya mizigo na magari, ulianza kwa karibu shilingi bilioni 89. Bodi iliyokwisha kuunganishwa na ambayo chuma chake bado kizima ina thamani ambayo haiwezi kulinganishwa na ya meli ya bahari. Ni hali ileile iliyowafanya Waingereza, mwaka 1924, kuopoa Graf von Götzen kutoka Ziwa Tanganyika. Wajerumani walikuwa wameisafirisha hadi Kigoma ndani ya makasha yapatayo 5,000, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 baada ya kupaka mitambo yake grisi nzito. Ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Maji baridi nayo husaidia. Kutu hula chuma polepole zaidi ziwani kuliko baharini, ndiyo maana bodi za maziwa makuu hudumu muda ambao nahodha wa Bahari ya Hindi angeuona ni utani. Lakini maji baridi hayaponyi kila kitu. Kwenye Ziwa Nyasa, Chauncy Maples, meli ya wamisionari iliyoanza safari mwaka 1901, iliwekwa kwenye mpango wa kufanywa zahanati inayoelea. Bodi yake ilipochunguzwa ilionekana imechoka mno, na mpango ukakwama.

Je, Victoria ingelipa kama hoteli? Jibu laweza kupimwa kwa mfano wa kubuni wenye ukarimu. Tuseme zimepatikana kabini 40 za kulaza wageni, kila moja ikapangishwa kwa shilingi 80,000 kwa usiku, na nusu zikajaa mwaka mzima. Mapato ni shilingi milioni 1.6 kwa siku, yaani milioni 584 kwa mwaka. Kama mageuzi yangegharimu kiasi kilekile cha bilioni 22.7, ingechukua takriban miaka 39 kurudisha fedha, kabla ya kumlipa mpishi, mlinzi, dobi au mtoza kodi. Na kiasi hicho kisingetosha, kwa sababu ukarabati wa safari hauhitaji korido zipanuliwe wala choo kila kabini, ilhali mgeni wa hoteli atadai choo chake na maji ya moto usiku wa manane. Injini mpya, kwa upande mwingine, huanza kuingiza nauli na ushuru wa mizigo siku ileile meli inapong'oa nanga, na abiria wa daraja la tatu hadai zaidi ya benchi na kufika.

Kuna gharama ambazo ziwa lenyewe lingeongeza. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, Ziwa Victoria lilipanda takriban mita mbili na nusu hadi mwaka 1964, likafunika magati na nyumba za ufukweni. Mwaka 2020 lilifika tena kiwango cha wakati ule na kukipita kidogo. Hoteli iliyofungwa mahali pamoja ingehitaji ngazi inayopanda na kushuka na maji, mabomba yanayojikunja, amari zinazokazwa na kulegezwa, na pengine gati jipya kila kizazi. Gugu maji, lililoenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hujikusanya hasa kwenye kona zilizotulia, ambako ndiko meli isiyoondoka hufungwa. Huziba matundu ya kuvutia maji, huoza na kunuka, na kulitoa ni kazi ya mikono ya kila wiki. Maji taka, ambayo safarini hayakumsumbua mtu kwa miaka mingi, yangehitaji tangi na gari la kunyonya, kwa sababu miji ya Mwanza na Bukoba hunywa maji ya ziwa hilohilo.

Chelezo kilichojengwa Mwanza kimeondoa udhuru mkubwa kuliko wote kwa meli za ziwa hilo. Kinaweza kupandisha chombo cha tani elfu kadhaa, na meli inayotembea hujipeleka hapo kwa injini zake, ikalala kwa wiki kadhaa na kurudi kazini. Meli iliyong'olewa injini ingelazimika kukodiwa tagi ya kuivuta, kukatiwa umeme na maji, kuwaondoa wageni na kuwalipa wafanyakazi wakiwa hawana kazi. Ndivyo waendeshaji wengi wa hoteli hizi duniani wanavyojikuta wakiahirisha matengenezo mwaka hadi mwaka, mpaka uchunguzi wa wahandisi uje na tarakimu za kutisha.

Hesabu ya mwisho ni ya kuivunja meli. Meli ya bahari iliyoshindwa kuwa hoteli bado inaweza kuvutwa hadi Alang au Aliağa na kurudisha sehemu ya fedha. Ziwani hakuna soko la namna hiyo: bodi hukatwa ufukweni kwa gesi, bati kwa bati, na chuma chakavu hupandishwa kwenye malori hadi viwanda vinavyokiyeyusha kuwa nondo, huku asbestosi ya miaka ya 1960, kama ipo, ikisubiri mtu wa kuizika kwa gharama ya mwenye meli.